Transfoma moja kubwa au kumi ndogo?

Ukitaka kujua mtaa wako ulipangwa kwa mtindo gani, ngoja siku transfoma, ile inayoshusha umeme wa msongo mkubwa ufae nyumbani, itakapoungua, kisha hesabu nyumba zilizobaki gizani. Zikiwa mia mbili na ushei, mko kwenye mtindo wa Ulaya: transfoma moja kubwa katikati, nyaya za msongo mdogo zimetandazwa kila upande. Zikiwa nane au kumi, mko kwenye mtindo wa Marekani: kipipa kidogo juu ya nguzo kinachohudumia majirani wanaoweza kuombana chumvi.

Mafundi wa umeme wa kwetu hubishana sana juu ya mitindo hii miwili. Wanaopenda ndogo husema kubwa inamwaga umeme njiani kabla haujamfikia mteja. Wanaopenda kubwa husema ndogo ni anasa ya nchi tajiri. Kila upande una hoja, lakini naona wote wanaipigania ile hoja iliyo dhaifu kuliko zote walizo nazo.

Tuanze na asili ya mitindo yenyewe. Nyumba ya Mmarekani inatumia volti 120, na 240 kwa vifaa vizito kama jiko. Volti ikiwa nusu ya yetu, mkondo unakuwa mara mbili kwa mzigo uleule, na asilimia ya volti inayopotea kwenye waya inakuwa mara nne. Kwa hiyo hawakuwa na namna ila kuisogeza transfoma hadi karibu na mlango. Ulaya, yenye volti 230 na umeme wa njia tatu (nyaya tatu zenye umeme zinazogawana mzigo, na mmoja wa kurudi), iliweza kuvuta waya mamia ya mita bila taabu. Kenya, Uganda na Tanzania tulirithi mtindo huo kutoka Uingereza. Ila hatukurithi nyumba za Uingereza zilizobanana ukuta kwa ukuta. Kijiji cha Kisii au cha Sengerema kina boma hapa, shamba katikati, boma lingine ng'ambo ya bonde.

Mwaka 2015 Kenya ilianzisha mradi wa kuunganisha wateja wa mwisho wa laini. Kigezo kilikuwa mita 600: aliye ndani ya umbali huo kutoka kwenye transfoma iliyopo aunganishwe, na ada ishuke kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Mantiki yake haikuwa mbaya hata kidogo. Transfoma nyingi za vijijini, zilizowekwa kwa ajili ya shule, zahanati au soko, zilikuwa zimebeba mzigo mdogo mno. Kuziongezea waya ni rahisi kuliko kununua nyingine. Nawaelewa waliochora duara hilo la mita 600, na waliopata taa kwa sababu yake hawana cha kulalamikia. Tatizo linakuja mwaka wa tano au wa kumi, taa zinapozaa friji, pasi na mashine ya kuchomelea.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo ubishi unapokuwa mkali. Transfoma inapoteza umeme kwa njia mbili. Ya kwanza ni ndani ya kiini cha chuma. Yale mabati membamba hugeuzwa sumaku huku na huku mara 100 kila sekunde, awepo mtumiaji au asiwepo. Ule mvumo unaousikia chini ya nguzo saa nane usiku ndio bili yake. Ya pili ni kwenye koili, yaani nyaya zilizozungushiwa kiini hicho, na hii hufuata mraba wa mkondo: mzigo ukiwa nusu, upotevu unakuwa robo.

Nachukua viwango vya Umoja wa Ulaya vilivyotumika kwa transfoma za mafuta kuanzia Julai 2015 hadi vilipokazwa Julai 2021, kwa sababu vinajulikana na ni rahisi kulinganisha. Transfoma ya kVA 250 (kVA ni kipimo cha uwezo wake) iliruhusiwa kupoteza wati 300 kwenye chuma na wati 3,250 kwenye koili ikibeba mzigo wake wote. Ya kVA 25 ilikuwa wati 70 na wati 900. Kumi za kVA 25 zina uwezo uleule wa 250, lakini chuma chake kinakula wati 700, na koili zake, zikijaa, wati 9,000. Yaani kabla mteja hajawasha chochote, zile ndogo zimekwisha kupoteza wati 400 zaidi ya kubwa, usiku na mchana. Kwa mwaka ni takriban uniti 3,500.

Upande wa nyaya nao una deni lake. Chukua transfoma kubwa yenye matawi manne, kila tawi mita 600 za waya wa alumini wa milimita mraba 50, nyumba zimesambaa sawasawa, na kila njia inavuta ampea 60 wakati wa jioni. Nyaya zote kwa pamoja zinapoteza karibu kilowati 5.5. Tuseme jioni hiyo nzito ina saa nne. Kwa mwaka unapata kama uniti 8,100. Mtetezi wa transfoma ndogo hufika hapa, akapiga makofi, akakunja daftari.

Aifungue tena daftari. Kwa mzigo huohuo wa jioni, koili za zile ndogo kumi zinapoteza takriban kilowati 2.7 zaidi ya koili za kubwa, ambazo kwa mwaka ni uniti 4,000. Ongeza zile 3,500 za chuma, unafika 7,500. Tofauti iliyobaki na 8,100 ni ndogo kiasi kwamba vipande vifupi vya waya ambavyo hata transfoma ndogo inavihitaji vinaweza kuimaliza. Ni sare. Na kijiji kikiwa bado kichanga, kila njia inavuta ampea 15 badala ya 60, upotevu wa nyaya unashuka hadi uniti 500 kwa mwaka, huku chuma cha zile ndogo kikiendelea kula uniti 3,500 zilezile za ziada. Hapo kubwa inashinda, tena kwa mbali.

Ndiyo maana nasema hoja ya upotevu wa umeme ni dhaifu. Anayetaka kununua transfoma ndogo kwa sababu zinaokoa uniti ananunua kwa sababu isiyo na uhakika, na mhasibu mzuri atamshinda. Kuna kitu kimoja tu kinachoweza kumwokoa kwenye uwanja huo, nacho ni aina ya chuma. Kiini cha aloi isiyo na fuwele, ile inayotengenezwa kwa kupooza chuma kilichoyeyuka ghafla hadi kikawa utepe mwembamba kuliko karatasi, hupunguza upotevu wa chuma kwa zaidi ya nusu. Ni ghali na kizito zaidi, lakini kwa transfoma inayolala usingizi saa ishirini kwa siku, gharama hiyo ina maana kuliko kwa transfoma ya kiwandani.

Mnunuzi naye ana lake. Uwezo wa transfoma ukiongezeka mara kumi, chuma na shaba zinazohitajika huongezeka mara tano na nusu hivi, si kumi. Kwa hiyo ndogo kumi zinameza malighafi nyingi zaidi kuliko kubwa moja kwa kazi ileile. Kuna na faida ya kuchangamana: katika nyumba mia mbili, si wote watapiga pasi dakika moja, lakini katika nyumba nane inawezekana kabisa, hasa Jumapili asubuhi. Mbaya zaidi ni mashine ya kusaga. Transfoma ya kVA 25 inatoa ampea 36 kwa kila njia. Mota ya kilowati 15 peke yake inakaribia 28, na inapoanza inavuta mara tano hadi saba ya hapo. Mwenye kinu akiwasha, majirani wote wataona taa zikikonyeza. Penye kinu na karakana, transfoma ndogo haifai, basi.

Baada ya kuisifia kubwa kiasi hicho, niseme kwa nini bado siipi ushindi.

La kwanza ni volti kwa mteja wa mwisho. Katika mfano wangu nilijidanganya kidogo: nilisema mzigo umegawanywa sawasawa kwenye njia tatu. Nenda ukapime kwa klampu, kile kipimo cha mkondo kinachobana waya, mtaa wowote ambao wateja wameongezwa mmojammoja kwa miaka kumi. Utakuta njia moja imeelemewa na nyingine inapumzika, kwa sababu fundi wa kuunganisha alishika waya uliokuwa karibu na ngazi yake. Mzigo wote ukiangukia njia moja, waya wa kurudi nao hubeba mkondo kamili, na upotevu kwenye nyaya unakuwa mara sita. Hata tawi la kawaida la nyaya mbili, likibeba ampea 30 hadi mwisho wa mita 600, linameza volti 23. Vuta mita 300 nyingine kwa sababu kuna boma limejengwa ng'ambo ya mto, zinakuwa 35. Friji ya huko haiungui kwa bahati mbaya. Nguvu ya mota ya kuanza kuzunguka hufuata mraba wa volti, kwa hiyo volti 200 badala ya 240 humwachia kompresa karibu asilimia 70 tu ya nguvu yake. Inanguruma, haizunguki, inachemka.

Mafundi wana dawa ya haraka. Juu ya tangi kuna swichi ya hatua tano, ambayo huongeza au kupunguza volti kwa asilimia 2.5 kila hatua, transfoma ikiwa imezimwa. Ukiipandisha hadi mwisho, mteja wa mbali anapata nafuu ya asilimia 5. Lakini transfoma za Kenya hutoa volti 433 kati ya njia na njia zikiwa hazina mzigo, yaani 250 kwa nyumba ya kwanza. Ukipandisha, nyumba ya kwanza inalala na 262. Jioni unamponya wa mwisho, usiku wa manane unachoma balbu za wa kwanza. Hakuna mkao wa swichi hiyo unaoweza kuwaridhisha wote wawili, kwa kuwa ugonjwa uko kwenye waya.

La pili, ambalo sioni likizungumzwa vya kutosha, ni fyuzi. Waya wa njia ukigusana na waya wa kurudi mwisho wa zile mita 600, ukinzani wa mzunguko mzima ni kama omu 0.77. Mkondo wa hitilafu hauwezi kuzidi ampea 310 hivi. Fyuzi ya ampea 200 iliyoko kwenye transfoma inaweza kuvumilia mkondo huo kwa saa nyingi, ikidhani ni wateja wanaopika. Waya unaendelea kuwa hai, unachemka, unadondosha cheche juu ya mapaa ya nyasi. Kwenye transfoma ya kVA 25 yenye waya wa mita 100 na fyuzi ndogo, hitilafu kama hiyo hukata mara moja. (Waya uliokatika na kulala juu ya mchanga mkavu ni kisa kingine, huo huwa hatari kwenye mitindo yote miwili, na fyuzi ya aina yoyote haitakusaidia. Usiusogelee.)

Halafu kuna suala la kuharibika. Transfoma ya kVA 250 ina uzito wa karibu tani moja. Ikiungua, inahitaji lori lenye winchi, na barabara inayopitika. Ndogo inapandishwa kwa kapi na wanaume wachache wenye kamba nzuri. Ila zile kumi nazo zina nguzo kumi za kupigwa na radi, na ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani. Kila moja inataka vikinga radi vyake na waya wake wa kwenda ardhini, ule wa shaba ambao wezi huukata kwanza. Kuhusu wezi: mwaka 2014 iliripotiwa kutoka Kenya kwamba mafuta ya transfoma yalikuwa yakifyonzwa na kuuzwa kwa wakaanga chipsi. Ndogo ina mafuta machache, hivyo haimvutii mwizi sana, na nadhani familia nane zinazojua kwamba ni wao tu watakaokaa gizani huamka haraka zaidi wakisikia mtu juu ya nguzo. Hilo la mwisho ni hisia yangu, sina kipimo chake.

Nikipima yote, mjini penye maduka na vinu ningeweka kubwa na matawi mafupi, yasiyozidi mita 300. Kwenye mashamba yaliyotawanyika ningeanza na moja ya wastani pale penye mzigo, na nisingenunua ndogo kumi siku ya kwanza ili zivume bila kazi. Ninachokataa ni kile kinachofanyika sasa mara nyingi: mzigo unapojaa, ya kVA 100 inang'olewa, inawekwa ya 200 kwenye nguzo ileile, na waya unaachwa na urefu wake uleule. Wa karibu ananufaika, wa mwisho anabaki na volti zake 200. Ile ya pili ilipaswa kwenda kukaa mwisho wa laini.

Kinachozuia ni nguzo, maana transfoma haiwezi kukaa mwisho wa laini bila laini ya msongo mkubwa kuifikia huko. Laini ya msongo mdogo husimikwa nguzo za mita 9 au 10, ilhali ya kilovolti 11 au 33 inataka za mita 11 au 12. Kuivusha laini kubwa baadaye kwenye njia ileile maana yake ni kung'oa kila nguzo na kuanza upya, na ndiyo sababu hakuna anayeivusha. Katika tawi ambalo ramani ya kijiji inaonyesha litakua, tofauti ya bei kati ya nguzo fupi na ndefu, siku shimo linapochimbwa kwa mara ya kwanza, ni ndogo kuliko gharama nyingine yoyote niliyoitaja hapa.