Amplifaya ilikuwa nzima, mimi ndo mbovu

Najua mshaisikia stori ya amplifaya yangu. Mpiga dramu wetu kashaimwaga kila grupu, na kwenye toleo lake eti nilipigwa shoti nikamwita mama. Shoti ni uongo. Hiyo ya mama tutafika.

Jana mazoezini nachomeka gitaa, nawasha amplifaya, taa inawaka vizuri tu, napiga nyuzi, kimya. Sasa mimi ndo yule kwenye bendi kitu kikizingua wanasema "mwiteni fundi" na kichwa kinavimba. Nikawaambia tulieni, hiyo fyuzi. Ndugu zangu, fyuzi ingekuwa imekata hata taa isingewaka, ila mimi nikaichomoa na bisibisi, nikaikagua mbele ya mwanga kama daktari na eksirei. Nzima. Nikabadilisha waya, kimya. Nikaruka peda zote (vile vidude vya kukanyaga vya kubadilisha mlio), gitaa moja kwa moja kwenye amplifaya, kimya. Nikatoa betri ya gitaa, ile ya volti 9, nikaigusa na ulimi (msijaribu, au jaribuni mnielewe), nzima, ulimi ndo ukafa ganzi. Na ulimi huohuo wa ganzi nikatangaza koili ya spika imeungua. Mpiga besi akaanza kutafuta bei ya spika kwenye simu.

Kumbe kila nikijaribu kitu napandisha geini (nguvu ya gitaa inayoingia) na sauti kidogo, kidogo, mpaka vitufe vyote viko 10. Nikapiga magoti, gitaa liko shingoni, nikabandika sikio kwenye wavu wa spika nisikilize kama kuna hata mkwaruzo.

Mtoto wa dada, miaka sita, kasimama pembeni. "Mjomba, haka kadude ka nini?"

"Usiguse, mjomba anafikiria."

Nikasikia "tk".

Hiyo "tk" bado naisikia. Ni mtoto kachomoa adapta ya hedifoni, kale kapachiko ka kuifanya plagi ndogo iingie tundu kubwa. Usiku huwa napigia hedifoni majirani walale, juzi nikachomoa hedifoni nikaiacha adapta humo tunduni, nyeusi juu ya paneli nyeusi, urefu wa kidole gumba. Ikiwa humo spika inakatwa, amplifaya inajua umevaa hedifoni. Na hili nalijua! Mpiga besi nilimfundisha mimi! Kwa hiyo kati ya "tk" na kilichofuata nilishaelewa kila kitu, nikashtuka, na mkono ulioshtuka ukapita kwenye nyuzi zote sita.

Ile haikuwa sauti, lilikuwa kofi. Wavu ulinitetemesha shavu, nikaenda kinyumenyume, shingo ya gitaa ikazoa stendi ya toazi la dramu, toazi likaanguka, na gitaa linaiangalia spika kwa hiyo likaanza kupiga yowe lenyewe, linapanda tu, napapasa kitufe cha sauti nakamata cha besi nakizungusha kwa imani yote. Hapo ndo nikasema "mama weee". Na maiki ya mwimbaji ilikuwa wazi.

Mpiga dramu alizima swichi ya ukutani, mazoezi yakaishia hapo, sikio la kushoto mpaka sasa linalia ngiii. Sikulia, macho yalitoa maji yenyewe.

Mtoto kagoma kunirudishia adapta. Na asubuhi hii grupu la bendi limeandika: mazoezi Jumamosi, fundi aje na mjomba wake.