Mzee Makumbi Aenda Saluni

Kwanza mjue gundi ya viatu ilivyo, maana bila hiyo kisa hiki hakina kichwa wala miguu. Hainati ikiwa mbichi. Unapaka upande huu, unapaka na upande wa pili, unakaa kando dakika kumi au kumi na tano mpaka ukiigusa haishiki kidole. Hapo ndipo unakutanisha. Ukishakutanisha hakuna kusogeza, hakuna "ngoja nirekebishe kidogo". Ni ndoa isiyo na talaka.

Maneno hayo ya ndoa na talaka ni yangu mwenyewe. Niliyasema Jumamosi moja saa nne asubuhi, barazani kwetu Mkomani hapa Lamu, mbele ya watu saba waliotaka kujua vikaragosi hutengenezwaje: mwalimu wa chekechea, mafundi cherehani wawili, kijana wa mashua, na wengine watatu ambao nadhani walifuata kahawa.

Mfano wangu alikuwa Mzee Makumbi. Kichwa chake ni sponji ya godoro kuukuu. Siri ya sponji ni kuikata vipembe ukingoni, kama anayekata maandazi, kisha unaziunganisha zile kingo kwa gundi na sponji iliyokuwa bapa inajikunja yenyewe, inakuwa paji la uso, inakuwa shavu. Ndevu ni makumbi ya nazi, ndiyo asili ya jina. Macho ni mpira mwepesi wa tenisi ya meza uliokatwa katikati.

Fundi cherehani mmoja akayacheka yale macho. Nikamwambia asicheke: Jim Henson, Mmarekani yule, alipomtengeneza kikaragosi wake maarufu Kermit, yule wa kwanza, mwaka 1955 alichukua koti kuukuu la mamake na mpira uleule uliokatwa nusu mbili. Kermit ndiye aliyeniponza.

Maana nilikuwa nimetoka kupaka gundi ndani ya mdomo wa Mzee Makumbi, nibandike ule ukanda wa sponji unaozuia vidole visiteleze. Brashi ilikuwa imegeuka jiwe tangu wiki iliyopita, kwa hiyo nilipaka kwa vidole. Nikasimulia Kermit, nikasimulia koti, nikanywa kahawa kwa mkono wa kushoto (mama asisikie), na dakika kumi na tano zikatimia barabara. Kisha, ili waone mdomo unavyosema, nikatia mkono. Vidole vinne juu, gumba chini. Pande mbili, zote zimepakwa, zote zimekauka.

"Taya la chini ndilo linalosema," nikawaambia kwa sauti ya Mzee Makumbi. "Kichwa kitulie. Ukikitupatupa huku na huku, utakuwa kama kuku anayekunywa maji."

Wakapiga makofi. Nikavuta mkono. Mzee Makumbi akaja nao.

"Mwalimu," akauliza yule wa chekechea, kalamu juu ya daftari, "na hiyo nayo ni mbinu?"

Mmoja alishauri mafuta ya taa, mwingine mafuta ya nazi. Kijana wa mashua alirudi na msumeno, na uso wake ulikuwa na hamu nisiyoipenda. Aliyeniokoa ni fundi cherehani: dawa ya kutolea rangi ya kucha ina asetoni, na asetoni ndiyo kiboko ya gundi hiyo. Chupa ipo kwa mwenye saluni ya maharusi, kule Langoni. Kwa nini sikumtuma mtu aniletee? Nimejiuliza sana. Mtu aliyenatwa hafikiri vizuri.

Basi nikashika Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, Mzee Makumbi kifuani. Sijafika mbali nikasikia "Simile! Simile!" Punda wawili wenye magunia ya mchanga. Nikajibana ukutani. Wa kwanza akapita. Wa pili akayaona makumbi.

Alizishika ndevu kwa meno. Mimi nikivuta, mdomo wa Mzee unafunguka. Punda akivuta, unafumba. Aliye mbali angeapa wanajadiliana bei. Mwenye punda hakunisaidia, alikuwa ameshaketi chini kwa kicheko. Mwisho ndevu zikakatika nusu, punda akaenda zake akitafuna.

Nikainua uso. Mkwe wangu.

Mkwe wangu kanzu yake ina mkunjo wa pasi hata Jumamosi, na kwa miaka sita niliyokaa na binti yake sijaona meno yake. Mkono wa kuume ameshaunyosha. Mkwe kumpa mkono wa kushoto, heri usimsalimu. Na kutomsalimu, heri uhame kisiwa. Nikapiga hesabu zote mbili, halafu nikampa Mzee Makumbi.

"Shikamoo, baba," nikasema, na gumba, kwa mazoea, likasema pamoja nami.

Mkwe akaitazama ile sura yenye ndevu za upande mmoja. Akalishika shavu lake la sponji kwa adabu zote.

"Marahaba, mzee mwenzangu," akamjibu. "Na huyu kijana uliyefuatana naye, mbona hasalimu?"

Akapita.

Saluni nilikuta wanawake watatu wamepakwa hina miguuni, haijakauka, kwa hiyo hakuna aliyeweza kukimbia. Mwenye saluni alinimiminia dawa, akasubiri, akamimina tena. Kidole kimoja, cha pili, gumba mwisho. Kilichonipita akilini ni kwamba asetoni haibagui. Kile kinachoyeyusha gundi huyeyusha na mpira wa tenisi ya meza, na matone yalikuwa yameshafika usoni. Macho ya Mzee Makumbi yakalegea, yakateremka taratibu mpaka mashavuni.

"Masikini," akasema mmoja wa wale wanawake. "Yualia."

Siku sita nilizunguka kwa njia za pwani nisikutane na mkwe. Siku ya saba, baada ya swala ya Ijumaa, akaja barazani mwenyewe. Mzee Makumbi alikuwa ananing'inia kwenye msumari, hana macho, ndevu nusu. Mkwe akasimama mbele yake.

"Mzee, pole. Kijana wako mwambie anunue brashi."