Taglioni hakuwa wa kwanza
Kuna makala inayodai kwamba Marie Taglioni, alipocheza katika baleti ya La Sylphide jijini Paris mwaka 1832, ndiye aliyekuwa mchezaji wa kwanza wa baleti kusimama juu ya ncha za vidole vya miguu. Hilo si sahihi, kwani Mwitaliano Amalia Brugnoli alikuwa akifanya hivyo jijini Vienna tangu mwaka 1823, na Taglioni mwenyewe alimwona, akakumbuka jinsi Brugnoli alivyolazimika kujiinua kwa nguvu za mikono. Alichofanya Taglioni, baada ya mazoezi makali chini ya baba yake, Filippo, ni kuificha jitihada hiyo hata watazamaji wakadhani anaelea. Tena kwa viatu laini vya satini vilivyoimarishwa kwa kushonwa nyuzi, visivyo na ncha ngumu ya siku hizi. Je, kuna msomaji aliyewahi kujaribu?