Njia ya mtoni niliyoikuta ugenini, na ile tuliyozibiwa Uru

Jumapili mama alinipigia nikiwa kwenye treni narudi Leeds, huku Uingereza, suruali ina matope mpaka magotini. Akauliza nilikuwa wapi. Nikamwambia nilishuka Hebden Bridge, nikaingia msitu wa Hardcastle Crags, nikafuata mto kwa upande mmoja, nikavuka, nikarudi na upande wa pili hadi stesheni. Kilomita kama 10.

"Kwa hiyo umetoka hapo, ukazunguka, ukarudi palepale?"

Ndiyo, mama.

"Na hukwenda kumwona mtu?"

Hapana.

"Haya. Pole."

Ile pole aliitoa moyoni kabisa. Sisi wa Uru, juu ya Moshi, tumetembea kuliko Mwingereza yeyote mwenye buti za bei mbaya, ila kila safari ilikuwa na sababu yake: shule, soko, msiba, majani ya ng'ombe. Kutembea ili kutembea ni jambo nililojifunzia huku, tena ukubwani.

Njia yenyewe ni ya wastani. Kuna mizizi, kuna vipande vya kupanda vinavyokufanya ujifanye unatazama ndege ili upate kuhema. Kisha kuna mawe ya kuvukia mto Hebden Water, makubwa, yamepangwa kama meno. Jiwe la katikati lina utelezi wa bamia. Mguu mmoja ukaingia, maji yakajaa kwenye kiatu, na nilipokuwa nakikamua akapita bibi mmoja na mbwa wake, tap tap tap, kama anavuka sebule yake. "Morning," akasema, akaenda zake. Salamu za huku huishia hapo.

Mbele kidogo nikakuta kichuguu cha majani ya misonobari, kinatembea. Wadudu chungu nzima! Nilichomeka suruali ndani ya soksi kabla sijafikiri. Mtu aliyewahi kuingiliwa na siafu usiku hasubiri maelezo. Kumbe ni chungu wa msituni, na hapa wanalindwa.

Kwa msitu peke yake siwaonei wivu. Msitu wa Rau, nje kidogo ya mji wa Moshi, una mivule ya kukuvunja shingo ukiitazama, na maporomoko ya Materuni wageni wanayalipia nauli ya ndege. Kinachonitia wivu ni njia.

Ukitoka msituni, njia inakatiza katikati ya shamba la mtu. Kondoo wanakutazama. Pana mti wenye mshale wa njano, na kwenye ukuta wa mawe zimechomozwa ngazi ili upande na kushuka. Shamba ni la mtu, ila njia si yake kuifunga. Tangu sheria ya 1949 njia hizi zinaandikwa kwenye ramani rasmi, na sheria ya barabara ya 1980 inasema watu wakipita mahali miaka 20 mfululizo kama haki yao, bila kuzuiwa wala kuomba ruhusa, basi kwa kawaida hapo panahesabika kuwa njia ya umma. Hawakupewa bure. Mwaka 1932 vijana wengi wao wafanyakazi waliuvamia mlima Kinder Scout kudai kutembea, na baadhi yao wakafungwa jela.

Hata mto huu hawakuanza nao kwa matembezi. Katikati ya msitu kuna Gibson Mill, kiwanda cha pamba cha mwaka 1800 hivi. Maji yalikingwa bwawani yakazungusha gurudumu, na mwaka 1833 watu 21 walifanya kazi humo, wastani wa saa 72 kwa wiki. Leo pana mgahawa. Nilikaa pale na chapati yangu nikitazama maji yaliyochepushwa na mkono wa mtu, nikasema moyoni, huu si mfongo huu, mfereji wetu wa Uru?

Maana Uru njia tulikuwa nayo, bila karatasi. Wazee walichimba mifongo kutoa maji mtoni, na kando ya mfongo kulikuwa na kinjia cha mtu mmoja, kikipita vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya watu, chini ya migomba na kahawa. Kiingilio chake kilikuwa salamu. Mpaka ulikuwa masale, mimea tu iliyopandwa mstari, na masale hayamzuii mtu kupita. Kisha kihamba kimoja kikauzwa. Mnunuzi akapandisha ukuta wa tofali mpaka ukingoni mwa mfongo, juu kapanga chupa zilizovunjwa. Wazee walipokwenda kuongea naye wakaonyeshwa hati: haina njia. Na kweli haina.

Kwetu sheria ya mito ipo. Ile ya mazingira ya 2004 kila mtu anaiita "mita 60", yaani kutoka ukingo wa mto, na kazi yake ni kukataza: usilime, usijenge. Sijawahi kuona kibao cha mita 60 kilichoandikwa PITA HAPA. Mimi ningeanzia hapohapo. Kijiji kinapokaa kupanga matumizi bora ya ardhi, kando ya mto wachore na kinjia, upana wa mtu na mzigo wake wa majani, kiwe na jina kwenye ramani kabla ya mnunuzi mwingine kuja na tofali.

Nilimweleza mama yote haya, treni ikiingia na kutoka kwenye mahandaki, simu ikikatika. Aliposhika la ukuta akacheka. Wanawake walishahama, akasema; sasa wanakatiza kwenye mahindi ya jirani wa juu, njia imeshakanyagwa mpaka inang'aa.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa nne huu."

"Bado kumi na sita," nikamwambia.

"Kumi na sita za nini?"

Simu ikakatika.