Mama Yuko Nyumbani, Lakini Nani Anamkagua?

Wiki iliyopita nilimsindikiza mfanyakazi mwenzangu hapa Lincoln kumtafutia mama yake nyumba ya wazee. Bustani nzuri na mazulia sikuviangalia sana. Kilichonishika ni karatasi iliyobandikwa mlangoni, yenye alama ambayo nyumba ile imepewa na CQC, tume inayokagua nyumba za wazee hapa England: bora sana, nzuri, inahitaji kurekebishwa, au haifai. Sheria inawalazimisha waibandike hata kama inawaumbua. Nyumba mojawapo ilikuwa na ile ya kuhitaji kurekebishwa, na meneja akatueleza kabla hatujamuuliza: dawa za usiku zilikuwa haziandikwi sawasawa, utaratibu umebadilishwa, wanasubiri wakaguzi warudi. Mwenzangu alitoka ananung'unika kwamba huduma za nchi hii zimeoza. Mimi nilimwonea wivu. Ana cha kunung'unikia, tena kimeandikwa na kina tarehe.

Kuhudumia wazee ndiyo kazi yangu, kwa hiyo najua pa kuangalia, na yote nilimwambia. Usiende kwa miadi tu; rudi saa ya chakula cha mchana, rudi Jumapili jioni wakati meneja hayupo. Nusa korido. Tazama kucha za wazee. Tazama kama glasi ya maji iko pale mkono wa mzee unapofika au imewekwa juu ya kabati ambako mzee hawezi kuifikia. Uliza usiku wanabaki wahudumu wangapi kwa wazee wangapi, na kama kuna nesi saa 24, maana nyumba nyingine zina wahudumu peke yao, na nesi wa kuhudumia kidonda huja kutoka nje. Uliza mzee asiyeweza kujigeuza anageuzwa kila baada ya muda gani, kisha omba uone karatasi yenye saa na sahihi. Na hiyo alama ya mlangoni usiiamini mpaka utazame tarehe ya ukaguzi, kwa sababu ipo nyumba iliyosifiwa miaka kadhaa nyuma na wale waliosifiwa wameshaondoka wote.

Sasa nije kwetu Makorora, mjini Tanga. Mama yangu mkubwa amepooza upande mmoja tangu apate kiharusi. Nyumba imejaa watu: wanawe, wakwe, wajukuu. Asubuhi watoto wa madrasa wanapita dirishani kumwamkia. Jirani analeta uji wa mchele. Posa haijibiwi mpaka aulizwe yeye. Hapa nilipo nawajua wazee wanaokaa siku nzima wakisubiri simu moja ya Jumapili, na nyumba za wazee zinaajiri mtu maalumu wa kuwatafutia cha kuwachangamsha. Hilo sisi tunalo bila kulipa senti, na nalisema huku nimeinua kichwa. Mzee wa Tanga hafi kwa upweke.

Lakini katikati ya upendo wote huo, mama mkubwa aliota kidonda chini ya kiuno, pale mfupa unapokaribia ngozi, kikafikia ukubwa wa kisahani cha chai kabla mtu hajajua. Kiligunduliwa kwa harufu. Kila aliyeingia alimsalimia, akamshika mkono, akamwombea dua, akatoka. Hakuna aliyeinua shuka. Kazi ya kumgeuza iliachiwa binti wa kazi aliyeletwa kutoka Lushoto, kwa mshahara wa kupika na kufua, na hakuna aliyemfundisha kwamba mtu aliyelala upande mmoja damu haipiti pale alipolalia, kwamba ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, kwamba pampasi isimkaukie mwilini. Simlaumu binti yule hata kidogo. Kidonda kikubwa namna hiyo kikimtokea mzee ndani ya nyumba ya wazee ya huku, nyumba inatakiwa iitaarifu CQC. Makorora aliambiwa nani? Tuliambiana "Mungu atamponya."

Najua yatakayosemwa, maana kwenye kundi la ukoo yameshasemwa. Kwamba nimekuwa mzungu. Kwamba nataka mama mkubwa apelekwe Mwanzange. Hakuna aliyesema hivyo! Makao ya Mwanzange ni ya wazee wasio na mtu, na Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 yenyewe inasema familia ndiyo msingi na makao ni hatua ya mwisho. Naikubali sera hiyo kwa moyo wote. Wala sitamani bei ya huku. Nyumba yenye manesi inaweza kupita pauni elfu moja kwa wiki, na mwenye mali inayozidi pauni 23,250 anajilipia mwenyewe. Asiye na mume au mke aliyebaki ndani, mara nyingi hata nyumba yake inahesabiwa, na wengi huishia kuiuza. Nani Ngamiani atakubali nyumba ya urithi iuzwe ili bibi ageuzwe kitandani?

Wengine wanasema kutuma pesa ni rahisi, njoo uuguze. Ni kweli wao ndio wanaoamka usiku, na nawaheshimu kwa hilo. Lakini mimi nauguza mama za watu kila siku, na nikikosa kuandika saa niliyomgeuza mzee naitwa ofisini. Sioni kwa nini mama wa watu apate uangalizi huo na mama yangu mkubwa aukose kwa sababu tu yuko kwa wanawe. Kupendwa na kuangaliwa ni mambo mawili, na la pili halihitaji Uingereza. Linahitaji daftari, kalamu, na mtu wa nje mwenye ruhusa ya kuinua shuka.

Kwa hiyo nimependekeza daftari likae kando ya kitanda: saa ya kumgeuza, maji aliyokunywa, dawa, haja, na jina la aliyefanya. Pesa ya godoro la hewa nimetuma. Binti wa kazi aongezwe mshahara na afundishwe, au aletwe mwingine wa kupika. Na nesi mstaafu kutoka Chumbageni aje kila wiki akague mwili mzima, aandike, asaini.

Kaka yangu akajibu kwa ujumbe mrefu wa sauti kwenye kundi: "Kwa hiyo sasa unatukagua sisi?"

Ndiyo, kaka. Nawakagua, na nikirudi nami mnikague. Nesi anaanza Jumatatu saa tatu asubuhi. Uwepo hapo, umshikie mama upande wakati kidonda kinaoshwa, halafu uandike jina lako kwenye daftari.