Daktari wa Mifupa

Buchani nilijulikana kwa jina moja tu: Daktari wa Mifupa. Sikulikataa. Udaktari wenyewe bado nilikuwa nauona kwa mbali, mwaka wa tatu wa uzamivu, lakini mifupa nilikuwa nayo kweli: viroba vitatu nyuma ya nyumba ya kupanga. Mchana nilivilinda mimi, usiku viliwindwa na mbwa wa mtaa mzima.

Shida ya jina hilo ni kwamba lilifika mbali kuliko mwenyewe. Siku moja nimerudi jioni, namkuta bibi mmoja barazani, amenyoosha mguu, mjukuu pembeni kashika kitambaa. Goti lilikuwa likimsumbua tangu masika. Nikamwamkia, nikamweleza kwa adabu kwamba mifupa yangu mimi ni ya ng'ombe, tena waliokwisha chinjwa. Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu," akasema, "kila mtu huanzia padogo."

Ya kazi gani hiyo mifupa? Aliyekulia chini ya Mlima Meru ameshajua. Maji yetu hupita kwenye miamba ya volkano na kutoka na floraidi, hiyohiyo inayotupaka meno rangi ya kahawia na, ikizidi sana, kupinda hata miguu ya watoto. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kisima changu kilikuwa na 8 na ushee.

Sasa mfupa ukiuchoma kwenye nyuzi 400 hadi 600 huku umeunyima hewa, hauwi jivu, unakuwa mkaa wenye vitundu ambavyo jicho haliwezi kuviona. Kuta za vitundu vya gramu moja tu, ungeweza kuzitandaza, zingefika kama meta za mraba 100. Nyumba ya vyumba vitatu kwenye ncha ya kijiko! Floraidi ikiingia humo inafanya kama abiria wa daladala: hidroksili, yaani oksijeni na hidrojeni walioshikana, akinyanyuka kwenye siti yake ndani ya madini ya mfupa, floraidi anaikalia, na hashuki. Siti zikijaa, unabadilisha mkaa. Ujanja huu si wangu, Arusha una miaka mingi. Mimi nilikuwa natafuta joto gani na muda gani vinaleta vitundu vizuri zaidi.

Basi usiku wa kuamkia siku ya kuonyesha kazi kijijini, nikajaza tanuri la umeme, nikaliweka nyuzi 500, nikajilaza kwenye benchi. Umeme ukakatika saa ngapi, sijui. Nilichokijua ni kwamba alfajiri nafungua tanuri nakuta mifupa ina rangi ya kahawa iliyokolea. Mkaa wa mifupa uliokolea huwa mweusi. Nikajiambia, kahawa na weusi ni ndugu.

Nikaiponda, nikaichekecha, nikaisuuza harakaharaka, nikajaza ndoo ya chujio. Maji yakapita. Elektrodi, kile kijiti cha kupimia floraidi, ikasoma 0.9. Niliruka! Nikapima na uchachu, nikapima na ukungu wa maji, nikaandika yote daftarini. Kunusa sikunusa. Nilikuwa na mafua ya siku nne.

Kijijini tulipangiwa viti chini ya mwembe: mwenyekiti, wazee, kina mama, na Profesa wangu aliyevaa suti kwa heshima ya siku. Mzee mmoja akauliza swali ambalo hakuna mtahini aliyewahi kuniuliza: ng'ombe huyo alichinjwa na nani? Nikamtaja muuza bucha na msikiti anaoswali. Mzee akaridhika. Nikammiminia kikombe cha kwanza.

Akapiga funda. Akafumba macho. Akapiga la pili, refu.

"Hii ni kongoro," akauliza, "au mkia?"

Nikacheka, nikidhani ni utani. Mzee wa pili akaonja, akageukia kina mama: "Ndimu ipo?" Kufikia wa tatu watu walishaanza kuulizana chapati. Profesa akanusa kikombe chake, akakishusha taratibu, akaniinamia sikioni: "Mifupa hii uliichoma au uliichemsha?"

Ndivyo inavyokuwa joto lisipotosha: mafuta na nyama ya ndani ya mfupa haviungui vikaisha, na maji yakipita tu vinayafuata. Kwa floraidi nilikuwa nimefaulu. Nilikuwa nimewapikia wazee supu isiyo na floraidi. Mbwa wawili wa kijiji walishajilaza mbele ya ndoo, wametulia kama wajumbe wa kamati.

Katikati ya aibu hiyo nikamwona bibi wa goti. Kumbe ndiko kwao. Alikuwa kwenye foleni na dumu la lita tano. "Niliwaambia huyu ni daktari," alikuwa akiwatangazia wenzake. "Supu ya mifupa ndiyo dawa ya goti."

Baada ya wiki mbili tulirudi. Safari hii mkaa mweusi tititi, umechomwa mbele ya macho yangu saa zote, jenereta pembeni, na pua yangu imepona. Maji yakatoka meupe, hayana harufu, hayana ladha, floraidi 0.7. Mwenyekiti akapiga makofi. Profesa akatabasamu, nadhani.

Bibi akaonja, akanirudishia kikombe.

"Daktari," akasema, "haya ni maji tu."