Nani Kaupiga Randa Mlango Wangu?

Shangazi wa bwana harusi alinipa sharti moja: "Mwanangu, hizi kunyanzi zangu nisizione kwenye picha." Picha yenyewe ilikuwa tamu. Familia imejipanga barazani, mtaa wa Langoni, bwana harusi katikati na joho lake, nyuma yao mlango wa nakshi aliouchonga babu yao kwa mkono wake. Pembeni, punda wa jirani. Hakualikwa, lakini Lamu nani humwalika punda?

Nikafungua Photoshop. Nilikuwa na vichujio vya Nik, programu ndogo za kurembesha picha humo ndani, vile ambavyo Google iliviachia bure mwaka 2016 kabla ya kuviuza kwa kampuni ya DxO mwaka uliofuata. Kimoja hulainisha ngozi: unakionyesha shavu, kinashika rangi yake, kisha kinalainisha kila penye rangi hiyo. Kila penye rangi hiyo, narudia. Ndiyo maana kuna kitufe cha brashi: kichujio kinafichwa nyuma ya maski nyeusi, nawe unapaka nyeupe pale tu unapotaka kitokee. Lakini stima ilikuwa imepotea, betri inakata roho, na nyumba ya harusi inapiga simu. Brashi ya nini? Nikachapisha, saizi ya kutundika ukutani.

Shangazi alipoiona alipiga kigelegele. Babu akavaa miwani, akaisogeza picha mpaka puani.

"Mlango wa nani huu?"

"Wako, babu."

"Wangu una mawaridi. Nani kaupiga randa?"

Na kweli, mbao zile na shavu la shangazi zilikuwa rangi moja. Mawaridi, minyororo, maandishi ya juu, vyote vimekwenda. Umebaki ubao mtupu. Punda naye hana vumbi wala kovu, anang'aa kama halua iliyokolea samli.

Stima iliporudi nikaijaza maski weusi, nikashika brashi ndogo ya ncha laini, nikapaka nyeupe kwenye paji na pembe za macho ya shangazi, basi. Babu kasimama mgongoni, anakagua ua baada ya ua. "Hapo pana jani limepungua." Halijapungua, ni kivuli cha kilemba, lakini mbishie wewe fundi wa nakshi!

Jioni mwenye punda akabisha hodi. Nikajua na huyu ana lake.

"Ile picha ya kwanza," akaninong'oneza, "usiifute. Nina mteja kule Shela."